SIKU YA MGAO, MTOTO ANABAKI NA NANI?



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo sisi wahudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, tunalikuta mara nyingi tunapopita nyumba kwa nyumba. Tunapiga hodi, anaitika mtoto wa miaka saba. Mgongoni amebeba mdogo wake, na wa tatu anachezea majivu karibu na mafiga. Ukimwuliza mama yuko wapi, anasema ameenda mgao, au ameenda kulima kwa watu. Na baba? Naye ametoka asubuhi kutafuta kibarua.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula hapa Uganda hautolewi sawa kwa wote, familia hupewa kulingana na kiwango cha shida yake, na wapo walioondolewa kwenye orodha. Mzazi ni lazima atoke. Kule tulikotoka, Kivu, Ituri au Burundi, mama alipotoka mtoto alibaki na bibi au shangazi. Hapa wengi wetu tumefika bila bibi wala shangazi, na jirani anasema lugha nyingine. Basi mtoto anabaki na mtoto mwenzake.

Mtoto wa miaka saba anaweza kubembeleza mdogo wake, lakini hawezi kumwokoa. Ajali tunayoiogopa zaidi ni moto. Sufuria ya maharage inakaa juu ya mafiga muda mrefu, na mtoto anayeanza kutembea hushika chochote ili asimame. Mtoto akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini, mfunike sehemu nyingine ya mwili asipate baridi, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala majivu. Tunajua wazee wengi walitufundisha hivyo, lakini vitu hivyo huzuia joto kutoka na huleta uchafu kwenye kidonda.

Maji nayo ni hatari hata yakiwa kidogo. Mtoto mchanga akianguka kichwa mbele ndani ya beseni au ndoo, hana nguvu ya kujiinua. Mwaga maji uliyofulia, na bidoni ya maji ya kunywa ifungwe. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda hata siku moja, kwa sababu mtoto anaijua ile chupa na ataomba kwa mkono wake mwenyewe. Akiyanywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize kituo cha afya pamoja na ile chupa.

Sasa, nini kifanyike? Wakongomani wengi mnaijua likelemba: watu wanachanga, leo anapokea huyu, kesho yule. Mnaweza kufanya likelemba ya watoto. Mama wanne au watano wa nyumba zilizo karibu wanapeana zamu, mmoja anabaki na watoto wote, wengine wanatoka. Hakuna pesa inayohitajika. Kuna vijiji vyenye mchanganyiko wa Warundi, Wakongomani na Wanyarwanda, na hilo lisiwazuie. Mfundisheni mtoto aseme kwa lugha ya jirani maneno matatu tu: maji, choo, naumwa.

Watoto wasizidi uwezo wa mtu mmoja. Mwenye zamu asiwe mtu wa pombe, na asichukue zamu siku ambayo yeye mwenyewe anaumwa. Mtoto ambaye hajafika miezi sita aende na mama yake, kwa sababu anahitaji ziwa peke yake, bila maji wala uji. Kwenye foleni mama wa mtoto mchanga asione haya kuwaomba wasimamizi wampitishe mbele. Na akina baba, zamu hii haikuandikwa jina la mwanamke. Baba aliyekosa kibarua siku hiyo anaweza kukaa na watoto, na tunao wanaofanya hivyo vizuri sana.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: mwachie mwenye zamu kadi ya afya ya mtoto, na mwambie mbele ya wenzake kwamba anaruhusiwa kumpeleka mtoto kituo cha afya bila kukungoja. Majirani wengi wanaogopa. Wanasema, si mwanangu, nikimpeleka na likatokea jambo nitaulizwa mimi. Basi wanangoja mama arudi jioni, na kwa malaria au nimonia jioni inaweza kuwa mbali sana. Mwenye zamu aondoke mara moja akiona mtoto anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea haamki, au anapumua haraka huku kifua kinabonyea ndani. Mtoto anayeharisha aanze kupewa maji ya ORS pale pale, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, na aendelee kula. Zinki atapewa na VHT au kituo cha afya, na mzazi aimalizie siku zote alizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma.

Pia msikilize mtoto ukirudi. Akikataa kabisa kubaki kwa mtu fulani, au akilia kila anaposikia jina lake, usimpige wala usimwite mkaidi. Muulize polepole mkiwa wawili. Ukiwa na wasiwasi kwamba ameumizwa au ameguswa vibaya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, au piga namba 116 ya kusaidia watoto. Simu hiyo hailipiwi.

Nyumba zinazotaka kuanza zamu, iwe Juru, Rubondo au Base Camp, mwiteni VHT wa kijiji chenu kabla ya mgao ujao. Atakaa nanyi, ataangalia mahali watoto watakapochezea, na atawapima mkono wale wa miezi sita hadi miaka mitano. Kipimo kikionyesha nyekundu, chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo anapelekwa kwenye lishe siku hiyo hiyo.