Istilahi za Uchukuzi Katika Zama za Akili Mnemba

Kila chombo kipya huja na maneno yake. Maneno hayo yakiundwa ovyo, jambo lenyewe hufahamika kombo. Hivyo ndivyo ilivyo sasa katika kazi ya kupeleka vifurushi, vyakula na bidhaa kutoka dukani hadi mlangoni kwa mnunuzi. Mikataba, kanuni na sheria zinazohusu kazi hiyo zimeanza kufika mezani kwa watafsiri na watumishi wa serikali, na walimu nao huulizwa maana zake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi ilivyobadilika, kisha kupendekeza maneno yafaayo kuielezea.

1. Kazi yenyewe

Lugha yetu si maskini katika uwanja huu. Mpagazi alibeba mizigo ya misafara. Hamali hubeba bandarini na sokoni. Tarishi hupeleka barua za ofisi. Na mchukuzi ni jina linaloweza kuwakusanya wote. Watu hawa walitumwa na mtu waliyemjua: kiongozi wa msafara, tajiri, au karani mkuu. Aliyepunjwa ujira wake alijua amwendee nani. Mchukuzi wa leo, awe na gari au pikipiki, mara nyingi hupokea amri kutoka katika simu, wala hamwoni aliyemtuma. Mabadiliko hayo yana sura tatu.

Sura ya kwanza ni upangaji wa njia. Nchini Marekani kampuni ya UPS iliunda mfumo uitwao ORION, ambao kufikia mwaka 2016 ulikuwa umeenezwa katika njia zipatazo 55,000. Ugumu wa kazi hiyo waonekana katika hesabu. Dereva mwenye vituo 120 kwa siku anaweza kuvipanga kwa namna nyingi mno, hata idadi yake huandikwa kwa tarakimu 199. Hapana binadamu awezaye kuzipima zote. Kompyuta nayo haizipimi zote, bali hutafuta mpango ulio mzuri kiasi cha kutosha. Faida yake ni kupungua kwa mwendo na mafuta. Lakini ujuzi wa dereva aliyezoea mtaa, ajuaye lango lifungwalo adhuhuri na kichochoro kijaacho maji, huenda usihesabiwe.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, ili kila nyumba iwe na namba na kila mtaa uwe na jina. Programu husoma anwani kama hizo. Lakini wateja wengi wangali wakielekeza kwa desturi ya zamani: "Ukiupita msikiti kata kushoto, kisha uliza duka la Mangi." Maelekezo hayo humtosha mwendesha bodaboda, lakini hayaitoshi mashine, na pale mashine inapokosea nyumba, ni dereva apigaye simu na kupoteza muda wake.

Sura ya pili ni ugawaji wa kazi na ujira. Programu huamua nani apewe safari, na mara nyingi kwa malipo gani, kwa kulinganisha umbali, wingi wa wateja na rekodi ya kila dereva. Sura ya tatu ni upimaji wa mwenendo. Mwaka 2021 kampuni ya Amazon ilianza kuweka katika magari ya kupelekea mizigo nchini Marekani kamera zenye lenzi nne, mojawapo ikimtazama dereva mwenyewe. Programu hutambua mwendo wa kasi au macho yaliyoacha barabara, kisha humwonya dereva kwa sauti. Yaweza kuokoa maisha; yaweza pia kumwandikia dereva kosa ambalo hakulitenda.

2. Jina la chombo

Majina matatu yanatumika: "akili bandia", "akili unde" na "akili mnemba". Neno "bandia" lina kasoro kwa sababu limezoeleka katika noti bandia na dawa bandia, yaani vitu vya kughushi, ilhali chombo hiki hakighushi kitu kwa asili yake. "Unde" latokana na kuunda, kama fundi aundavyo jahazi, na maana yake ni wazi. Hata hivyo "akili mnemba" ndilo jina lililoenea zaidi nchini Tanzania, nasi tunalitumia. Kwa ule mfululizo wa hatua ambazo kompyuta huzifuata ili kufikia jibu, neno "algoriti" linatosha: limetoholewa vizuri na linakubali viambishi vyetu bila taabu.

Tahadhari moja ni muhimu. Tukisema "usimamizi wa algoriti", msomaji aweza kudhani kuwa algoriti ndiyo inayosimamiwa. Inayokusudiwa ni kusimamia watu kwa chombo hicho. Hivyo basi tunapendekeza "usimamizi kwa algoriti".

3. "Na" na "kwa"

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili humtanguliza mtenda kwa "na", na kifaa kwa "kwa": "Mbao ilikatwa na seremala kwa msumeno." Ni kweli kwamba twasema pia "amekatwa na kisu", lakini aghalabu husemwa hivyo pale ambapo hapana aliyekusudia, kisu kimeteleza tu.

Sasa tutazame sentensi hii: "Dereva amefungiwa na mfumo." Mtafsiri aliyeiandika ameligeuza tendo lililopangwa kuwa ajali, mfano wa kisu kilichoteleza. Dereva aliyepoteza riziki hana wa kumwuliza, na ofisa wa kazi asomaye malalamiko haoni wa kumwita. Sentensi ikiandikwa "Dereva amefungiwa na kampuni kwa kutumia programu", mtenda amerudi mahali pake.

Mahakama ya Bologna, nchini Italia, iliamua jambo la namna hii tarehe 31 Desemba, 2020. Kampuni ya Deliveroo ilikuwa ikiwapanga wachukuzi wake kwa algoriti iliyowapunguzia alama waliokosa zamu waliyojiandikisha. Haikutofautisha aliyeugua au aliyegoma na aliyezembea. Mahakama iliona kwamba huo ni ubaguzi, ikaiamuru kampuni ilipe Euro 50,000. Amri hiyo iliielekea kampuni iliyokitumia chombo. Kwa lugha ya sarufi, iliangukia upande wa "na".

Aidha, mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kuhusu kazi za namna hii, na nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 2 Desemba, 2026 kuliingiza katika sheria zao. Agizo hilo lataka uamuzi wa kumfungia au kumwachisha mtu kazi ufanywe na binadamu. Mtafsiri atakayeichanganya "na" na "kwa" katika kifungu hicho atakuwa ameifuta haki yenyewe.

4. Jina la mtu

Mikataba mingi humwita dereva "mshirika". Katika lugha yetu mshirika hushiriki faida, hasara na maamuzi. Mtu asiyepanga bei wala kujua kwa nini amenyimwa safari hastahili kupewa jina hilo bila uchunguzi. Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua tarehe 19 Februari, 2021 kuwa madereva wa Uber waliofungua shauri walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa mkataba ulisema vingine. Lakini mwaka 2023 mahakama hiyohiyo iliona kuwa wachukuzi wa Deliveroo hawakuwa katika uhusiano wa ajira, hasa kwa kuwa waliruhusiwa kumtuma mtu mwingine badala yao. Kwa hiyo mtafsiri asihukumu kabla ya hakimu. "Mchukuzi" hutaja kazi tu. "Mwajiriwa" na "mshirika" yaachiwe mahali ambapo hati au sheria imeyatamka.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mchukuzi: mtu apelekaye mzigo kwa mnunuzi, kwa chombo chochote.
(b) Upangaji njia: kazi ya programu ya kuamua mfuatano wa vituo.
(c) Usimamizi kwa algoriti: kugawa kazi, kupanga ujira na kupima mwenendo wa watu kwa programu.
(d) Alama za wateja: kipimo wanachompa mchukuzi, ambacho mtaani huitwa "nyota".
(e) Kufungiwa: kuzuiwa kupokea kazi katika programu. Kukiwa kwa kudumu, hati ieleze wazi kuwa ni kuachishwa kazi au kuvunjiwa mkataba.

Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya watuletee. Lakini neno lolote litakalochaguliwa halitafaa kitu endapo sentensi itamficha mtenda. Kabla ya kuidhinisha tafsiri ya hati ya namna hii, afadhali tujiulize swali moja: mchukuzi akidhulumiwa, je, sentensi hii itamwonyesha mlango wa kubisha?