Mtunzi Aliyewatisha Watu kwa Kabichi

Msomaji, kama umewahi kulala mashambani Kericho au Bomet wakati wa mvua, unalifahamu giza la huko. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya chai, mvua hupiga mabati, na kila kinacholia nje hujui ni nini.

Katika giza kama hilo nyanya za Wakipsigis na jamaa zao Wanandi waliwasimulia watoto habari za zimwi Chemosit. Mwingereza A. C. Hollis alilieleza katika kitabu chake kuhusu Wanandi, mwaka wa 1909: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Lakini hebu tazama ujanja wake. Chemosit hamfukuzi mtoto. Humwimbia. Mtoto husikia wimbo, huona mwanga, hudhani kuna ngoma, na huko ndiko huliwa.

Kule Chicago, Marekani, aliishi mtu aliyeijua vyema njia hiyo ya sikio. Jina lake Arch Oboler. Kipindi cha redio cha Lights Out, yaani "Taa Zizimwe", kilianzishwa na Wyllis Cooper mwaka wa 1934 na kilirushwa usiku wa manane. Oboler alikirithi mwaka wa 1936, akaanza na mchezo wa msichana aliyepooza anayezikwa akiwa hai. Barua za hasira zikamiminika! Mwaka uliofuata alitunga moyo wa kuku uliotunzwa katika maabara, ukakua na kukua hadi ukatishia kuimeza dunia nzima. Wasikilizaji walisikia mapigo tu: du-dum, du-dum.

Na sauti zile za kutisha zilitoka wapi? Jikoni, msomaji. Kichwa kilipokatwa, ilikuwa ni kabichi iliyopasuliwa kwa panga la bucha, kabichi kama hizi za sokoni Bomet. Mifupa iliyovunjika ilikuwa mbavu za nguruwe. Mtu alipogeuzwa ndani nje, fundi aligeuza glavu ya mpira iliyoloweshwa, huku akiponda kikapu cha matunda. Unacheka kwa sababu umeambiwa.

Oboler alifika Afrika mwishoni mwa miaka ya 1940, na habari za simba waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka wa 1898 zikamkaa moyoni. Ni reli ile ile iliyopita Lumbwa, siku hizi Kipkelion, ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1952 alitoa Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Marekani iliyotazamwa kwa miwani maalumu ili simba aonekane akikurukia. Watu walipanga foleni, wahakiki wakaibeza. Binafsi sishangai. Simba ukishamwona, ni simba tu.

Oboler alifariki mwaka wa 1987. Mchezo wa moyo wa kuku, kama ulivyorushwa mwaka wa 1937, haukuhifadhiwa. Kilichopo ni kipande kifupi alichokirudia katika santuri mwaka wa 1962. Chemosit naye umbo lake limo kitabuni, lakini sauti ya nyanya akimwigiza haimo.

Basi likizo ijayo ukifika kwa kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya, mwombe akusimulie, nawe uweke simu yako irekodi. Taa zizimwe kwanza.