Rangi Iliyojificha: Farasi Mwekundu, Punda Mweupe na Shaka ya Baba

Punda wanaobeba maji na mizigo katika vitongoji vya Dodoma, Mkonze ikiwamo, wengi ni wa kijivu, na migongoni wana mstari mweusi unaokatwa na mwingine mabegani. Alama hiyo wameirithi kwa punda mwitu wa Afrika. Hata hivyo, huweza kuzaliwa punda mweusi asiyeonyesha alama yoyote ilhali wazazi wake wote wawili wanayo. Mwenye mifugo hutazama, akacheka, akaendelea na kazi. Mtoto wa binadamu akizaliwa na rangi isiyotarajiwa, ndipo nyumba inapoingiliwa na maneno.

Maneno hayo si mageni. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, bedui alimjia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza habari za ngamia wake. Wekundu, akasema, ila wamo pia wa kijivu. Hao wametoka wapi? Bedui akaona kwamba labda ni asili iliyowavuta. Akaambiwa kuwa huenda na mwanawe amevutwa vivyo hivyo. Wala hakuruhusiwa kumkana.

Asili hiyo leo huelezwa kwa jeni. Kila kiumbe hupokea nakala mbili za jeni hizi za rangi, moja ya baba na moja ya mama. Wanyama waliochunguzwa sana ni farasi, ambao kwetu ni adimu kwa sababu mbung'o na maradhi hayakuwapa nafasi. Kwa farasi, jeni iitwayo MC1R ndiyo inayowezesha nywele kuwa nyeusi, na nakala moja nzima yatosha. Basi farasi weusi wawili, kila mmoja akiwa ameficha nakala pungufu, waweza kuzaa mtoto mwekundu. Nafasi ni 1 kati ya 4 katika kila uzazi. Nakala hiyo yaweza kupita vizazi vingi bila kuonekana.

Ipo na jeni inayofifisha rangi. Nakala yake moja humgeuza farasi mwekundu kuwa wa dhahabu. Mbili humfanya wa rangi ya maziwa, mwenye macho ya buluu. Katika kisiwa cha Asinara, Italia, wako punda weupe wenye macho ya buluu pia, lakini kwa sababu nyingine: kasoro katika jeni ya TYR. Jeni hiyo hiyo ikipungua kwa binadamu, huleta ualbino.

Kwa Watanzania jeni inayohusika zaidi ni OCA2, lakini hesabu haibadiliki: ni lazima baba na mama wote wawe wamebeba nakala pungufu. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 nchini ana ualbino. Wapo akina mama walioachwa kwa sababu ya watoto hao, ilhali nusu ya sababu ilitoka kwa mume mwenyewe! Na anayemsingizia mwanamke mtwaharifu bila mashahidi wanne, hukumu yake imo katika Surat An-Nur, aya ya 4.

Mtoto huyo ahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, hasa kwa jua la Dodoma. Macho yake yapimwe mapema, na darasani akalishwe mbele, karibu na ubao.