Kutofungamana si Kunyamaza

Tangu mwaka 2022 yako mabishano ambayo hayajesha katika mabaraza yetu, wala si vibaya kwamba hayajesha. Tarehe 2 Machi ya mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya Urusi kuivamia Ukraine. Mataifa 141 yaliilaani kazi ile na kuitaka Urusi iondoe majeshi yake. Mataifa 5 yaliipinga hoja. Na mataifa 35 yalijizuia kupiga kura. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hayo 35, pamoja na Uganda na Burundi. Kenya na Rwanda zilikuwa pamoja na wale 141. Hivyo majirani wa Afrika Mashariki, waketio kila mwaka katika meza moja ya Jumuiya, walitengana siku moja katika jambo moja.

Wapo wananchi wasemao kwamba tulifanya vema. Husema: Umoja wa Kisovyeti uliwapa silaha wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Zimbabwe, wakati mataifa makubwa ya Magharibi yalipokuwa rafiki wa Ureno, je, leo tumgeuke aliyetusaidia? Husema tena: Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq mwaka 2003 bila ya idhini ya Baraza la Usalama, na hakuna aliyeziwekea vikwazo. Kwa nini sheria iwe kali kwa mmoja na laini kwa mwingine?

Wapo na wengine wasemao kwamba tulikosa. Hao hujibu kwamba Ukraine nayo ilikuwa jamhuri moja katika Umoja huo wa Kisovyeti, kwa hiyo shukrani yetu, kama ni deni, ni deni la wote wawili. Tena husema kwamba kosa la Iraq halifutwi kwa kulinyamazia kosa la pili.

Sisi twaona kwamba mabishano haya yana haki ya kusikilizwa, maana mambo ya nchi za nje si mali ya mabalozi peke yao. Mpakuaji wa magunia katika bandari ya Dar es Salaam, na dereva wa lori liendalo Tunduma, na mkulima wa mahindi wa Songea, wote waliona mwaka ule jinsi bei ya mafuta na ya mbolea ilivyopanda, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku kwa vyote viwili. Vita vilipiganwa mbali, lakini gharama yake iliingia jikoni mwetu. Basi mtu alipaye gharama ana haki ya kuuliza sababu.

Swali letu leo ni moja. Tunaposema kwamba sisi hatufungamani na upande wo wote, tunasema nini?

MAANA YA ZAMANI

Neno hili halikuzaliwa kwa ajili ya watu waoga. Mwezi wa Aprili 1955 wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana Bandung, katika Indonesia. Na mwaka 1961 wakuu wa nchi zisizofungamana walifanya mkutano wao wa kwanza mjini Belgrade. Walikataa kwamba wakubwa wawili waigawanye dunia kama mirathi. Lakini hawakuapa kufumba midomo. Walidai haki ya kulipima kila jambo kwa uzito wake lenyewe, na kusema waliyoyaona bila ya kungoja ruhusa ya mtu.

Tazameni jinsi nchi yetu ilivyolitumia neno hilo. Mwanzoni mwa mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilikasirika kwa sababu tuliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki kuweka konseli mkuu wao Dar es Salaam. Ikawaondoa mara moja wataalamu wake waliokuwa wakituzoeza marubani. Mwalimu Nyerere akaiambia: kama msaada wenu una kamba shingoni, chukueni na uliobaki. Tarehe 11 Novemba mwaka huo huo Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wachache katika Rhodesia. Nchi za Umoja wa Afrika ziliazimu kwamba Uingereza isipomkomesha zitavunja uhusiano nayo. Siku ilipofika, tarehe 15 Desemba, nyingi ya zile zilizoazimu zilirudi nyuma. Tanzania ilitimiza ahadi yake, na mkopo wa paundi milioni 7.5 kutoka Uingereza ukazuiliwa. Uhusiano haukurudishwa mpaka mwaka 1968.

Msomaji atasema kwamba mifano hiyo ni ya kugombana na Magharibi tu. Basi na akumbuke Agosti 1968, majeshi ya Kisovyeti na wenzao yalipoingia Czechoslovakia. Wakati ule Kamati ya Ukombozi ilikuwa na makao yake papa hapa Dar es Salaam, na silaha za Kisovyeti zilikuwa zikiwafikia wapiganaji wetu kusini. Ilikuwa na faida kubwa kunyamaza. Hata hivyo Serikali yetu ililaani uvamizi ule waziwazi, na bado wapiganaji waliendelea kupata silaha zao. Mkubwa humdharau zaidi yule anayejua kwamba hatasema kitu.

Hatusemi kwamba wakati ule tulipatia kila jambo. Mwezi wa Aprili 1968 tuliitambua Biafra, na ndugu wengi wa Afrika wakatulaumu, wakitukumbusha kwamba mwaka 1964, katika mkutano wa Cairo, sisi wenyewe ndio tuliotoa hoja kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Lawama hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini hata aliyetulaumu alizijua sababu zetu, kwa kuwa zilitangazwa, zikachapishwa na kujadiliwa. Mtu aweza kubishana na sababu. Na kimya hakibishaniki.

SIKU TULIPONYAMAZIWA SISI

Tena iko sababu nyingine, nayo yatuhusu sana. Sisi tulikwisha kuvamiwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakaua watu, yakapora ng'ombe, yakavunja daraja la Kyaka. Siku chache baadaye Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, zaidi ya maili za mraba 700, imekuwa mali ya Uganda. Sababu alizotoa zilikuwa kwamba mpaka ule ulichorwa na wakoloni, na kwamba yeye ndiye aliyechokozwa. Wenye kusoma habari za mwaka 2022 watazitambua sababu hizo.

Je, Afrika ilisema nini? Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani mvamizi. Ulituma wapatanishi, ukatusihi tuwe na subira, ukatupima sisi na Amin kama watoto wawili waliogombania mpira. Msumbiji ilituletea askari wake. Libya ikampelekea Amin askari wa kwake. Wengine wengi walikaa katikati. Tukapigana wenyewe, hata Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979; na mwezi wa Julai, kule Monrovia, tukalaumiwa kwa kuuvuka mpaka! Gharama ya vita hivyo yakadiriwa kuwa dola milioni 500. Wazee wetu wangali wanakumbuka walivyoombwa kufunga mikanda kwa miezi 18, na jinsi miezi hiyo ilivyorefuka ikawa miaka.

Mzee wa Misenyi aliyerudi akaikuta nyumba yake imebaki nguzo hakuwa na haja ya kuelezwa maana ya kukaa katikati. Twauliza basi kwa upole: ikiwa kimya cha wenzetu kilituchoma mwaka 1978, je, chetu hakiwezi kumchoma mwingine?

PISHI MOJA

Watajibu wengine kwamba wakubwa wenyewe hawana haki. Hilo ni kweli, wala hatulifichi. Mfanya biashara mwenye pishi mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, hujulikana sokoni kabla ya jua kuchwa. Na wakubwa wa dunia wanajulikana. Wengi waliolia kwa ajili ya Ukraine walinong'ona tu wakati Gaza ilipobomolewa. Na Afrika ya Kusini, iliyojizuia katika kura ya Ukraine, ndiyo iliyoishitaki Israeli mbele ya Mahakama ya Kimataifa mwezi wa Desemba 2023. Marekani nayo, iliyowahimiza wadogo mwaka 2022 wapige kura pamoja nayo, ilipofika tarehe 24 Februari 2025 ilipiga kura pamoja na Urusi kuipinga hoja ya Ukraine katika Baraza lile lile. Taifa dogo ambalo lingekuwa limefuata tu nyayo za mkubwa huyo lingejikuta siku hiyo limeachwa njiani, halijui lirudi au liendelee.

Pishi mbili hazipo Ulaya peke yake. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji wa Goma katika Kongo. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama, katika azimio lake la 2773, liliyataka majeshi ya Rwanda yaache kuwasaidia wapiganaji hao na yatoke katika ardhi ya Kongo. Rwanda ni miongoni mwa wale 141 waliotetea mipaka ya Ukraine; yenyewe husema kwamba inajilinda na maadui walio ng'ambo ya mpaka. Askari wetu walikuwako huko katika jeshi la nchi za Kusini mwa Afrika, na wakuu wa Jumuiya zote mbili walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari kutafuta amani. Moto huu umo katika ua wetu. Je, tutawaambia nini majirani juu ya mipaka, ikiwa tulipoulizwa juu ya mipaka ya mbali hatukuwa na neno?

Udhalimu wa wenye pishi mbili hauwi sababu ya sisi kutupa pishi yetu. Mkubwa aweza kuishi bila ya sheria, maana ana ndege na mabomu. Mdogo hana ngome nyingine ila sheria. Kila mara sheria hiyo inapovunjwa na sisi tukatazama pembeni, tofali moja limetoka katika ukuta wa nyumba yetu wenyewe.

MKONO MTUPU

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ulimi peke yake watosha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nasi twaongeza kwamba mkono uombao hauwezi kunyoosha kidole. Julai 2023, katika mkutano wa Urusi na Afrika mjini St Petersburg, nchi sita za Afrika ziliahidiwa nafaka ya bure. Huenda ilitolewa kwa moyo mwema. Lakini nani aliyepewa gunia la ngano jana atasimama leo kumhukumu mpaji? Na Januari 2025 sahihi ya mtu mmoja huko Washington ilisimamisha misaada ya Marekani duniani kote. Na wagonjwa wa UKIMWI, ambao hawakuwahi kumkosea mtu ye yote, wakaanza kuuliza dawa zao zitatoka wapi. Ni somo lile lile la paundi milioni 7.5, ila safari hii hatukuwa hata tumegombana.

Kwa hiyo mlinzi wa mpaka wetu si askari wa Mutukula peke yake. Mkulima aongezaye ngano katika nyanda za Hanang, na fundi wa kiwanda cha mbolea, na mtumishi wa forodha akataaye hongo ili kodi ifike hazina, wote hao humpa mjumbe wetu New York sauti ya kusema. Taifa ambalo bajeti yake ya dawa huandikwa na mgeni litapiga kura kwa hofu, hata kama katiba yake inasema li huru.

LIPI LIFANYWE

Hatusemi kwamba ni lazima kila hoja iletwayo na wakubwa tuipigie kura ya ndiyo. Huenda hoja imefungwa pamoja na mambo tusiyoyataka, kama vikwazo vitakavyomwumiza maskini, au majeshi yatakayotuingiza katika ugomvi. Kujizuia kwaweza kuwa na hekima. Marais wa Afrika waliokwenda Kyiv na St Petersburg mwezi wa Juni 2023 kutafuta mapatano walipokelewa pande zote mbili, na huenda wasingepokelewa kama wangekuwa askari wa upande mmoja.

Lakini twadai mambo mawili. La kwanza, mjumbe wetu akijizuia katika kura, asijizuie katika kusema. Na aseme kwanza kwamba kunyang'anya ardhi ya mwenzako kwa bunduki ni haramu, awe mnyang'anyi ni Urusi, ni Marekani, ni Israeli au ni jirani yetu. Ndipo aeleze kwa nini haifuati hoja iliyo mezani. La pili, maelezo hayo yaletwe nyumbani, Bungeni na magazetini, kwa Kiswahili ambacho mpakuaji wa bandarini atakielewa, ili ayakubali au ayakatae.

Usalama wa nchi hujengwa na jeshi hodari, na chakula ghalani, na wananchi wanaojua ni nini wanachokilinda. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tulikwisha kunyolewa pasipo maji mwaka 1978, na kovu tunalo. Mwenye kovu kama hilo, akiulizwa kama wembe unauma, hafai kujibu kwamba yeye hafungamani na upande wo wote.