Dawa ya Mtoto na Urithi wa Damu

Mzazi aliye kazini, awe kambini au kituoni, hana taabu iliyo nzito kuliko ya mtoto aliyeugua akili, akapewa dawa, na dawa ikamkataa.

Watoto wawili wa rika moja na uzito mmoja hupewa risperidoni kwa kiasi kile kile. Mmoja hutulia, mwingine hukakamaa misuli, au haoni nafuu yoyote. Hapo majirani huanza kunong'ona habari za uchawi, na baba humwadhibu mtoto akidhani amezitema tembe.

Pengine sababu imo katika urithi. Ini lina kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, ambacho huivunja dawa hiyo, na nguvu zake hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Kikiwa dhaifu, dawa hujaa mwilini. Kikiwa na nguvu za ziada, dawa huvunjwa upesi, na huenda nafuu yake ikapungua. Katika nchi jirani ya Ethiopia, uchunguzi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu 29 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za kinasaba kinachokitengeneza. Kipimo cha damu au mate chaweza kuyafichua hayo.

Wako wazazi wanaokitamani kipimo hicho, ili mtoto asijaribiwe dawa moja baada ya nyingine. Wengine huhofu siri ya ukoo kutoka nje, au baba na mama kulaumiana. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini ieleweke kwamba kipimo hakitambui ugonjwa. Humsaidia daktari kukadiria dawa.

Hapa Juba taabu huanza mapema zaidi. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International liliripoti kwamba Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12 tu vya wagonjwa wa akili, madaktari bingwa wa fani hiyo walikuwa wawili nchini kote, na wagonjwa wasio na kosa waliwekwa katika Gereza Kuu.

Basi, maadamu kipimo hicho bado si cha kawaida katika hospitali nyingi za Afrika, mzazi na ashike daftari. Aandike dawa, kiasi, saa na mabadiliko aliyoyaona, kama aandikavyo taarifa ya lindo. Aandike pia iwapo yuko ndugu wa damu aliyewahi kudhuriwa na dawa ya namna hiyo. Asikatishe dawa bila daktari.

Na polisi aletewaye kijana aliyekakamaa shingo, amfikishe hospitalini kabla ya kufikiria mahabusu. Kijana huyo ana mzazi, na huenda mzazi huyo amevaa sare kama yake.