Mashine Inayosamehe Toni

Katika Kichina, mǎi ni kununua na mài ni kuuza. Konsonanti ni ile ile, irabu ni zile zile. Tofauti yote imebebwa na toni: ya mǎi huzama chini ndipo ipande, ya mài huporomoka kutoka juu.

Watu wa Ngara, wilaya ya Tanzania iliyo mpakani mwa Rwanda na Burundi, wana sababu ya kuijali lugha hii. Kazi za ujenzi katika mradi wa umeme wa Rusumo wilayani humo, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, zilifanywa na wakandarasi wa Kichina. Mtaala wa sekondari uliotolewa mwaka 2023 unakitambua Kichina kama somo la kuchagua. Walimu wake ni wachache, hivyo kimbilio la karibu ni akili mnemba iliyomo kwenye simu. Mwanafunzi akiiomba mazungumzo ya abiria anayekata tiketi Nyakanazi, itamtungia papo hapo, kwa herufi za Kichina, kwa pinyin (Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini) na kwa Kiswahili. Huo ni msaada mkubwa.

Hatari huanza anapofungua kinywa. Programu nyingi hubadili kwanza sauti kuwa maandishi, nazo huamua neno si kwa kusikiliza tu, bali pia kwa kupima ni neno gani huambatana na yale yanayolizunguka. Mwanafunzi akitamka “kuuza tiketi” huku akikusudia kununua, programu iliyolishwa sentensi nyingi za wasafiri inaweza kuandika “kununua” na kuendelea na maongezi kwa upole. Kosa limefichwa, naye anaamini amepatia. Mashine inasamehe kosa lile lile ambalo mwalimu angelikamata.

Linalonisikitisha zaidi ni utajiri unaoachwa nje ya darasa. Kihangaza na Kishubi, lugha za Ngara, ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, lugha ambamo toni hutenganisha maneno hata kama haiandikwi. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Ngara anayezungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani ameshazoea kusikia maana ikibadilika kwa kupanda na kushuka kwa sauti, ingawa toni za kwao hutegemea zaidi sauti ya juu na ya chini, na miteremko ya Kichina atalazimika kuijifunza. Hata katika wilaya jirani ya Biharamulo, ambako Kisubi na Kisukuma husikika, mwalimu anaweza kuanzia kwenye lugha hizo.

Akili mnemba haitamkumbusha mwalimu utajiri huu. Imelishwa Kichina tele na Kiswahili kiasi. Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000 za sauti zilizorekodiwa na watu waliojitolea katika mradi wa Common Voice, lakini hata maandishi ya Kihangaza ni haba mno.

Mwalimu, iachie mashine itunge mazungumzo na mazoezi ya kusoma. Toni zisikilize mwenyewe, na kabla ya somo la kwanza waulize wanafunzi wako wanazungumza lugha gani nyumbani.