Taiti ya Mpwa Wangu na Baridi ya Limuru

Msomaji mpenzi, atakaye kukijua kipupwe cha Mombasa na aje Likoni alfajiri ya mwezi wa Julai, asimame kwenye mteremko wa kivuko kabla jua halijachomoza. Upepo wa kusi huingia kwa mlango wa Kilindini, na manyunyu yakichanganyika nao, utawaona wapanda baiskeli wanaongojea feri, huyu na kreti la mikate, yule na kikapu cha madafu, wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Mmoja kavaa sweta juu ya kanzu, mwengine kajitanda kikoi mabegani. Sisi hiyo twaiita baridi, na twaiheshimu. Lakini kipimajoto wakati huo hakishuki sana chini ya nyuzi 20.

Katika umati huo ndimo alimokulia mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa. Tangu hajaota ndevu alikuwa akipeleka mikate kwa baiskeli, akivuka na feri ya kwanza, miguu mitupu na kaptura ya shule. Mwaka jana riziki ilimwita bara. Akapata kibarua katika shamba la maua upande wa Limuru, kazi ya kulipwa kwa siku, na chumba cha bei nafuu akakipata mwendo wa kilomita tisa kutoka kazini. Nauli ya kila siku ingemla mshahara, basi akanunua baiskeli. Kwake lilikuwa jambo jepesi.

Limuru, kwa asiyefika, iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya majani ya chai hadi jua lipande, na asubuhi baridi huweza kufika nyuzi 10 au chini yake. Haikupita wiki tatu simu ikalia.

"Assalamu alaykum, mjomba."

"Wa alaykumu salaam, mjomba. Za huko?"

"Huku ni kwema, ila magoti. Yanauma hata kupanda ngazi siwezi. Wenzangu waniambia nivae taiti. Nitafutie Kongowea, huku ni ghali."

Wasomaji, nilicheka. Nilicheka hadi mama watoto akatoka jikoni kuuliza kulikoni. "Mwanamume wa Likoni avae taiti? Si uazime baika ya dada yako!" Yeye hakucheka. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi, mjomba, ukipata." Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami kitanda cha Limuru sikupata kukilalia.

Hata hivyo nilivuka feri, nikapita daraja la Nyali, nikaingia soko la Kongowea kwenye marundo ya mitumba. Nikachukua taiti ya kwanza iliyoniingia mkononi: ya pamba, nzito, nyeusi, yenye kubana, maana nilidhani kadiri inavyobana ndivyo inavyotia joto. Nikaitia kwenye basi usiku ule ule, nikajiona nimetimiza.

Siku ya tatu ya kuivaa, manyunyu yalimkuta njiani. Pamba ikanywa maji kama sifongo, ikakaa imelowa miguuni mpaka mchana. Na kwa kuwa ilikuwa fupi na ya kubana, kila akikunja mguu ilimvuta goti kwa mbele na kuteremka kiunoni kwa nyuma, upepo ukaingia mgongoni. Alilala kitandani siku tatu, na kibarua asiyefika kazini halipwi. Kodi ya chumba mwezi ule nililipa mimi, na sikuona kuwa nimefanya hisani. Nilikuwa nalipa deni la kicheko changu.

Ndipo nikaamua kuuliza wajuao. Nilimwendea fundi cherehani mmoja wa huku kwetu Likoni, na mzee aliyewahi kushindana kwa baiskeli ujanani. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika ili mwengine asirudie kosa langu.

Kwanza, mpanda baiskeli hubeba upepo wake mwenyewe. Hata siku tulivu, akienda kilomita 20 kwa saa ni sawa na aliyesimama mbele ya upepo wa mwendo huo huo. Na goti ndilo hupasua upepo huo. Paja lina nyama nene na damu tele, hujipasha joto lenyewe likifanya kazi. Goti ni mfupa, ngozi na kano, halina nyama ya kujifunika. Likipoa, kano hukakamaa, nalo hukunjwa na kukunjuliwa mara elfu kadhaa kwa safari moja. Ndiyo maana wako walimu wa mchezo huu wanaosema kwamba hewa ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi, goti lifunikwe, hata kama mwenyewe hajisikii baridi.

Pili, ni kitambaa. Pamba ni rafiki yetu sisi watu wa pwani, lakini kwenye baridi na jasho ni adui, kwa kuwa hunywa maji na hukawia kukauka. Kifaacho ni kitambaa cha naironi au poliesta kilichochanganywa na uzi wa kuvutika, ule uliobuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Kwa ndani kiwe na manyoya mafupi laini, mfano wa blanketi jipya, yanayoshika hewa ya joto karibu na ngozi. Sufu nayo ni njema, maana hutia joto hata ikiwa na unyevu. Ziko nyingine zilizowekwa mbele, pajani na gotini, kitambaa kisichopitisha upepo, na nyuma ya goti kitambaa chepesi cha kutolea jasho. Hizo ndizo bora kwa mtu wa Limuru.

Tatu, na hapa ndipo nilipokosea zaidi, ni kipimo. Fundi aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Suruali ya ofisini hupimwa mtu amesimama. Hii hupimwa mguu umekunjwa." Mvaaji aikalie baiskeli, au achuchumae, aone. Kiunoni kwa nyuma isiteremke. Mbele ya goti isivute, na nyuma ya goti isijikunje ikawa rundo, maana rundo hilo litamchubua. Chini ifike kifundoni na kukaa hapo, isipande shavu la mguu na isilegee ikaliwa na mnyororo. Pajani, ukiweza kukusanya kitambaa vidoleni kikawa mkunjo, ni kubwa, hewa baridi itaingia. Nayo ikiacha alama mwilini kama ya kamba, ni ndogo, itazuia damu. Mishono iwe bapa. Ile yenye kanda za mabegani hukaa vizuri kiunoni kuliko yenye lastiki peke yake, ingawa hutaabisha mtu akienda haja.

Sasa msomaji wangu ataniuliza: na sitara je? Ni swali la haki, na mpwa wangu mwenyewe aliniuliza, kwani alisoma chuoni kama nilivyosoma mimi. Uchi wa mwanamume baina ya kitovu na magoti twaujua. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nguo ikificha rangi ya ngozi sala husihi, lakini nguo ya kuchora maungo si ya kupendeza, na lililo bora ni kuvaa kipana juu yake. Basi dawa iko wazi: taiti iwe ya ndani, na juu yake kaptura pana inayopita magoti kidogo, isiyo ndefu hata ikanaswa na tandiko. Akishuka kusali, ajifunge kikoi. Nayo ikiwa na zipu kifundoni ni bora zaidi, kwa kuwa akitawadha huifungua akaosha mguu mpaka juu ya kifundo bila kuilowesha.

Wala hili la nguo ya kubana chini ya nguo pana si geni kwetu. Bibi zetu wa Unguja na mwambao huu walivaa suruali zilizobana mguu na kumalizia kwa marinda kifundoni, na juu yake kanzu. Hakuna aliyewaambia wamekosa haya.

Na kwa anayedhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba taiti humpunguzia mtu uanaume, namkumbusha Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu, si mbali na Limuru, kisha akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Nguo zake zilikuwa za kubana kuanzia begani, na sijasikia mtu aliyemwambia aazime baika ya dada yake.

Nikarudi Kongowea, safari hii na macho. Mitumba ina mitihani yake. Niliivuta kila taiti kwa mikono miwili kisha nikaiachia: lastiki nzima hurudi mara moja, iliyokufa hurudi polepole, au hulia kwa ndani kama karatasi. Niliinyoosha sehemu ya goti nikaitazama kwenye jua: ikipenya mwanga imechakaa, haitazuia upepo wala haitasitiri. Nilipitisha kidole kwenye mishono kutafuta uzi uliokatika. Zile zenye sponji ya kukalia niliziacha. Sponji hiyo hugusa mwili bila nguo nyingine kati yake, na hutakiwa kufuliwa kila ikivaliwa. Ya mtu mwengine sikutaka mpwa wangu aivae. Nikachagua isiyo na sponji, ambayo mtu huvaa juu ya kaptura yake mwenyewe ya baiskeli.

Muuzaji alistaajabu kuniona mzee na kofia yangu ya kiua, nimeiweka taiti kiunoni juu ya kanzu, nachuchumaa katikati ya soko. "Mzee, wataka kwenda mashindano?" Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke, ilikuwa zamu yangu. Mpwa wangu tumelingana kimo, na nisingeituma tena nguo nisiyoipima.

Nilipoifunga niliingiza na kaptura pana, kikoi, na kikaratasi chenye ubeti mmoja, maana mshairi hana zawadi nyingine:

Mpwa nakupa zawadi, ivae kila wendapo,
Ikukinge na baridi, asubuhi utokapo,
Goti halitakaidi, kilima upandishapo,
Na kikoi huna budi, kukifunga usalipo.

Baada ya siku kumi akapiga simu. Maumivu hayakuondoka kwa usiku mmoja. Goti lililokwisha kuudhika hutaka muda. Alipunguza mwendo, akapandisha tandiko kidogo kwa shauri la mwenzake, na mwisho wa Agosti alikuwa hajakosa siku nyingine kazini. Taiti yenyewe huifua kwa maji baridi na kuianika kivulini, kwani joto kali huua lastiki. Kuhusu kicheko changu hakusema neno, nami nilimwomba radhi.

Sisi wa Likoni hatuna haja ya nguo hiyo. Mtu akiivaa hapa kivukoni atatokwa na jasho kabla feri haijafunga mlango. Koti jepesi la kuzuia mvua na upepo latosha kwa kipupwe chetu. Lakini vijana wetu wanakwenda bara kila siku kutafuta riziki, Limuru, Nyahururu, Eldoret, na wengi wao chombo chao ni baiskeli. Tukiwafungia safari huwatilia halua, achari, mkeka wa kusalia na dua. Tuwatilie na cha kuvaa mguuni.